Alama ya Saa Kumi

Saa tatu kasorobo asubuhi Mchambuzi alikuwa amekwisha kufuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta yake kwa kitambaa cha njano, amekikunja kitambaa mara nne, amekirudisha kwenye droo na kufungua chati ya jana. Kazi yake katika kampuni ile ya mtandao ilikuwa kuangalia data za mtaa mzima zimekwenda wapi. Yaliyomo hakuyaangalia, maana yaliyomo hufungwa na hayafunguki. Aliangalia bahasha tu: nani kapeleka, kwa anwani gani, saa ngapi, nzito kiasi gani. Kila mwisho wa mwezi aliandika ripoti, na ripoti hiyo ilisomwa na watu wawili, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe.

Data nyingi za mtaa zilikwenda kwenye maghala. Ghala, kwa asiyeijua kazi hii, ni kampuni inayotunza nakala za vitu vya watu wengine. Mtu ametengeneza filamu upande wa pili wa dunia. Badala ya kila mtazamaji kuifuata huko huko, ghala huweka nakala jirani na watazamaji. Kinachoulizwa sana husogezwa karibu. Kabati moja la ghala la namna hiyo lilikuwa kwenye chumba cha mashine, mlango wa tatu kutoka meza ya Mchambuzi, likinguruma na kupuliza hewa ya moto kutwa kucha. Nusu ya mtaa ilidhani inazungumza na dunia, kumbe inazungumza na kabati.

Tatizo la ghala ni kwamba anwani yake ni moja na vitu vyake ni elfu. Ukiona mtu kaenda ghalani hujui kafuata nini: mpira, mahubiri, au barua ya mapenzi. Wachambuzi wengi huandika "ghala" na kwenda kunywa chai. Huyu alikuwa na kipaji. Alitazama uzito na mwendo. Filamu hutiririka kama bomba lililoachwa wazi, picha huja kwa mafunda, mazungumzo huenda na kurudi. Kwa njia hiyo aliweza kukwambia nyumba fulani wanauguza, nyumba fulani wamenuniana, bila kufungua bahasha hata moja. Mkuu wake alimsifu mara mbili mbele ya watu. Kipaji hicho ndicho kilichomponza.

Mkewe alikuwa fundi miwani. Duka lake lilikuwa mtaa wa pili, chumba kimoja chenye mashine ya kusagia vioo, ubao wa herufi ukutani na viti viwili vinavyotazamana. Wakati wa uchumba, alipokuwa bado ameajiriwa, watu walimwambia Mchambuzi kwamba hiyo ni kazi ya heshima. Hakuna aliyemwambia kwamba fundi miwani hukaa pua kwa pua na mteja, akamtazama machoni kwa dakika kumi na kumwambia polepole, "Nitazame. Usipepese." Wanaume wazima walitoka dukani mle wakitabasamu. Mchambuzi aliwaona kwa macho yake mawili, ambayo hayakuwa na kasoro yoyote. Mkewe alikuwa ameyapima mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, akamwambia hana haja ya kurudi. Neno hilo lilikuwa bado limemkaa kooni.

Laini ya duka ilipita kwenye kampuni yake. Kila mfanyakazi siku ya kuajiriwa husaini karatasi kwamba hatachungulia laini za watu wake wa nyumbani, na yeye alisaini, kwa mwandiko mzuri. Akachungulia.

Kutwa nzima laini ile ilikuwa laini ya duka kama duka jingine. Kisha saa kumi kamili alasiri palikuwa na alama moja ndogo. Kitu kidogo kimetoka dukani kwenda ghalani, na kitu kidogo zaidi kimerudi. Ndani ya sekunde moja kila kitu kimekwisha. Siku ya pili yake, saa kumi kamili, alama tena. Alirudi nyuma kwenye kumbukumbu, wiki, mwezi, mwaka, na alama ilikuwapo kila siku, bila kuruka hata moja, kwa miaka mitatu.

Mchambuzi alijua kuisoma. Wapenzi wapya huongea saa nzima, na siku mbili baadaye wakagombana. Wanaopeana neno moja na kujibiwa neno moja ni watu waliozoeana. Upo? Nipo. Yatosha. Wivu ulimpanda kutoka tumboni ukamjaa mdomoni kama maji ya chumvi, naye akaumeza, akaendelea na chati. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na akawa na hamu kubwa ya kuliona hilo vazi.

Jioni ile alifika nyumbani saa kumi na mbili. Mkewe alikuwa anapiga pasi.

"Umeshinda wapi?" alimwuliza.

"Kazini."

"Ulikuwa na nani?"

"Na wateja."

"Mbona umechelewa?"

"Watu walikuwa wengi."

"Chakula kiko tayari?"

"Kiko mezani."

Maswali yalikuwa hayo manne, kila jioni, kwa mpangilio huo huo. Lile la kuchelewa aliliuliza ingawa kila siku alimkuta mkewe amekwisha kufika, kama leo, na jibu lilikuwa lile lile. Ilikuwa ndoa tulivu, na majirani waliisifu.

Jumatano aliomba ruhusa ya saa tisa na nusu, akaenda kusimama kwenye duka la magodoro, mkabala na duka la mkewe. Mwenye magodoro alimwambia apapase tu, kupapasa hakulipiwi. Akawa anapapasa godoro huku ametumbua macho ng'ambo ya barabara. Mkewe alikuwa amekaa mbele ya mwanamume mwenye kola iliyonyooka, amemshika kidevu, anamgeuza uso kwenye mwanga. Macho hayana pazia, lakini siku hiyo Mchambuzi angetamani yawe nalo.

Saa kumi kamili mkewe aliinua kichwa. Alifuta mikono kwenye aproni, akagusa simu, akaitazama kidogo, akairudisha mezani. Kisha aligeukia ukutani, upande wa herufi, akakaa hivyo kama mtu anayesubiri chafya ipite. Mwenye kola alingoja kwa adabu. Alikuwa amekuja kupimwa tu.

Wakati huo huo simu ya Mchambuzi ikalia. Alikuwa mwenzake wa ofisini, mwanamke aliyevuta nyaya za mtandao kwa miaka ishirini mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Bi Kebo.

"Kaka, niko kliniki nimeleta mguu wangu huu. Namwona wifi hapa na mama yake."

"Saa hizi?"

"Saa hizi, wako mbele yangu kwenye foleni. Kamshika mama mkono, wanacheka wenyewe. Nimesema nikusalimie."

"Asante, dada," alisema Mchambuzi. Mkewe, ng'ambo ya barabara, alikuwa amemrudia mwenye kola na kumwambia asome mstari wa tatu.

Alitembea kwenda nyumbani, mwendo wa dakika kumi. Alimkuta mkewe sebuleni, anampigia pasi shati.

Mtu mwingine angetafuta kiti. Mchambuzi alikuwa amefanya kazi na maghala miaka kumi na mmoja, kwa hiyo alihesabu tu: mmoja dukani, mmoja kwa mama yake, mmoja hapa. Kinachoulizwa sana husogezwa karibu, na yeye alikuwa anafikiri sheria hiyo ni ya filamu. Jambo lenyewe halikumsumbua. Kilichomuuma ni kwamba wawili kati ya hao walikuwa wanaenda kwa watu wengine. Alikuwa radhi mkewe awe watatu, mradi wote wawe wake.

Asubuhi alimweleza Bi Kebo, aliyekuwa anakoroga chai na mguu wake juu ya boksi.

"Mke wangu wapo watatu."

"Watatu tu?" alisema Bi Kebo. "Dada yangu, mwaka ule wa mapacha na zamu za usiku, walifika watano. Kwani wewe ulidhani shughuli zote zile zinafanywa na mtu mmoja?"

"Nitamjuaje mwenyewe ni yupi?"

"Si umwulize."

"Namwuliza kila siku."

Bi Kebo alimtazama juu ya kikombe. "Unamwuliza nini?" alisema, lakini simu ya mezani ililia na Mchambuzi akaipokea haraka kuliko ilivyohitajika.

Alipanga mambo yake kimyakimya. Nakala hupita ghalani. Alama ya saa kumi hupita ghalani. Akilifunga ghala, huyo wa neno moja atauliza na hatajibiwa, na mkewe, akikosa njia ya kutawanyika, atakusanyika nyumbani. Alhamisi, saa kumi kasoro dakika tano, alifungua orodha ya anwani zilizozuiwa, akaandika anwani ya ghala na kubonyeza.

Hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote mtaani, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo. Yeye mwenyewe alikuwa anawafundisha wageni wa kazi kila mwaka: anwani ya ghala si nyumba ya mtu mmoja, msije mkaifunga. Lakini wivu hauhudhurii mafunzo. Aliifunga kama mtu anavyombamizia mlango hasimu wake, na mlango ule ulikuwa wa nusu ya mji. Hospitalini picha za mifupa ziligoma kufunguka. Shuleni mtihani wa kidato cha nne uliganda kwenye swali la saba. Benki walikaa wakitazamana. Simu za ofisi zikaanza kulia zote kwa pamoja, na Bi Kebo akapanda ngazi na kushuka na mguu wake mbovu, akitafuta waya uliokatika.

Mchambuzi alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kuona kama mkewe amekusanyika.

Alikuwa sebuleni, mmoja, anapiga pasi. Hakuwa ameongezeka wala kupungua. Mchambuzi alisimama mlangoni akimwangalia, na hapo simu yake ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeanguka."

"Umeanguka wapi?"

"Hapa ngazini. Tulikuwa tunashuka, mwanangu kanishika mkono, ananisimulia kioo kilivyomchoma kidole. Mara mkono haupo. Na yeye hayupo. Namwita haji. Hapo kwako yupo?"

Mchambuzi alimtazama mkewe, aliyekuwa anageuza kola ya shati.

"Yupo."

"Basi mwambie nimeanguka, siwezi kuinuka."

Alimwambia. "Mama yako ameanguka."

"Mama?" alisema mkewe, bila kuacha pasi. "Mama mzima huyo. Jana si alikuja hapa kwa miguu yake?"

Mama mkwe hakuwa amefika nyumbani kwa mtu yeyote kwa miguu yake kwa miaka miwili.

Mchambuzi alielewa, na alielewa kwanza kama mtu wa kazi. Ukikata njia ya ghala, vinavyozimika mara moja ni vile vinavyoletwa upya kila wakati. Kinachobaki kinawaka ni kile kilichowekwa zamani kikaachwa, kisichohitaji chochote kutoka kwa mwenyewe. Yule wa kwa mama mkwe alikuwa ametoweka katikati ya ngazi, kwa sababu mama mkwe alimwuliza mwanawe jambo jipya kila siku, na majibu yalibidi yatoke kwa mwenyewe. Huyu wa hapa hakutikisika. Hakuwa na hili wala lile.

Alimwangalia tena. Nywele zake zilikuwa fupi. Yule wa dukani, jana yake, alikuwa na misuko inayofika mabegani, na Mchambuzi alikuwa ameiona asishtuke. Kidole gumba kilikuwa laini, hakina alama ya kile kioo kilichomchoma. "Lile bomba la jikoni bado linavuja," mkewe alimwambia. Bomba lile Mchambuzi alikuwa amelibadilisha mwaka juzi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu ilibidi aambiwe na laini iliyokatika.

Alimpigia Bi Kebo. Bi Kebo alikuwa amekwisha kuliona zuio, na jina la aliyeliweka, na alikuwa amekwisha kuliondoa.

"Nimeandika hitilafu ya kiufundi," alisema. "Hospitali wamekaa dakika arobaini hawaoni kitu."

"Asante, dada."

"Mimi usinishukuru."

Njia ilipofunguka, yule wa kwa mama mkwe alirudi pale pale ngazini alipoachia mkono, akamkuta mama yake sakafuni. Mama alipelekwa hospitali, na picha zilizokuwa sasa zinafunguka zilionyesha nyonga imevunjika.

Hospitali Mchambuzi hakwenda. Ijumaa alikwenda kazini, akafuta kioo, akaanza kuichambua alama ya saa kumi kwa namna ambayo angepaswa kuichambua tangu mwanzo: badala ya kuuliza nani katuma, aliuliza imeishia wapi. Ilitoka dukani, ikaingia ghalani. Katika sekunde ile ile ghala lilipeleka kitu chenye uzito ule ule kwenye laini nyingine, moja tu. Ilikuwa laini ya nyumbani kwake.

Aliitazama kwa muda mrefu. Alama ya namna hiyo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua. Mwenye mali huiuliza nakala yake kama kuna mtu aliyeomba kitu ambacho nakala haina. Nakala hujibu hapana. Ni mazungumzo mafupi kuliko yote kwenye mtandao, na jibu lake ni jepesi kuliko swali. Mkewe, kila siku saa kumi, kwa miaka mitatu, alikuwa anauliza nyumbani kama mumewe ameuliza jambo jipya. Zaidi ya mara elfu moja nyumbani walimjibu: hapana.

Alitafuta siku ya kwanza ya alama, na jioni iliyoitangulia siku hiyo aliikumbuka. Mkewe aliingia jioni akiwa na kitu amekifumbata mkononi, akasimama palepale mlangoni bila kuvua viatu. "Nina jambo nataka kukwambia," alisema. Mchambuzi akamwuliza mbona amechelewa, na alikuwa na nani. Mkewe akajibu yote mawili, akaenda jikoni. Kilichokuwa mkononi kilikuwa ufunguo wa duka lake mwenyewe. Habari za duka Mchambuzi alizipata kwa jirani wiki iliyofuata, akanuna siku tatu kwa sababu jirani alijua kabla yake.

Tusimwonee, alifurahi pia. Kwa karibu nusu saa alifurahi kuliko alivyopata kufurahi mwaka mzima, kwa sababu hasimu hakuwapo. Hakukuwa na mtu. Alitabasamu mbele ya chati mpaka Bi Kebo akamwuliza kama amepandishwa cheo. Kisha furaha ikatulia, na chini yake akaona jambo lilivyo: kwamba mkewe anampenda au alikuwa anampenda, kwamba anangojwa, na kwamba kinachotakiwa ni swali. Aliogopa. Alichukua karatasi akaandika maswali, kama mtu anayekwenda sokoni asije akasahau chumvi. La kwanza: kwa nini ulifungua duka. La pili: mama anaendeleaje. La tatu alishindwa kulipata, akaacha nafasi.

Jumamosi jioni, saa kumi na mbili, alikaa kwenye kochi na karatasi mfukoni.

"Kwa nini ulifungua duka?"

Mkewe wa nyumbani aliisimamisha pasi. Alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. "Subiri kidogo," alisema, akautazama mlango.

Walisubiri. Baada ya dakika ishirini mlango ulibishwa, na mkewe akaingia: misuko mabegani, kidole gumba kimefungwa kitambaa, mkoba mkubwa mkononi, koti juu ya nguo zake, harufu ya dawa za hospitali.

"Habari za hapa?" alisema.

"Nzuri, karibu," alisema yule wa nyumbani, akasogeza meza ya pasi ampishe.

Alikaa kwenye kochi, karibu na mumewe, goti kwa goti. Aliuweka mkoba juu ya mapaja.

"Umeniuliza."

"Nimekuuliza."

Akamwambia. Alipokuwa darasa la pili alikuwa haoni ubao. Hakujua kwamba haoni. Alidhani hivyo ndivyo ubao ulivyo, na watoto wengine wanabahatisha vizuri kuliko yeye. Alichapwa, akaitwa mzito, akahamishiwa nyuma ambako ndiko alikozidi kutoona. Siku moja fundi alikuja shuleni na sanduku la vioo, akamvika viwili, akamgeuza dirishani, na yeye akaona kwamba mti una majani, moja moja. Alikuwa na miaka tisa. Alilia mpaka fundi akadhani amemchoma. "Tangu siku ile nilitaka duka," alisema. "Nilitaka nikusimulie ile jioni ya ufunguo. Nilikuwa nimeipanga njia nzima."

Mchambuzi alikuwa amelala na mwanamke huyu miaka minane na miwani yake juu ya stuli, na hakuwahi kujua habari za majani. Ilikuwa habari nzuri, na mkewe alipendeza akiisimulia. Mikono ilikuwa inatembea. Alimpenda mpaka kifua kikamuuma. Alitaka abaki. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko hicho, na alijua la kufanya, maana karatasi ilikuwa mfukoni na swali la pili lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mkewe alimngoja. Yule wa nyumbani naye alingoja, pasi mkononi.

Ndipo Mchambuzi akaliona vizuri lile koti. Lilikuwa koti la kiume. Vifungo vilikuwa upande wa kulia, mikono ilimzidi mkewe mpaka kwenye vidole, na kwenye mfuko wa kifuani palikuwa na kalamu ya mtu. Maji ya chumvi yakapanda kutoka tumboni yakamjaa mdomoni. Alijikaza kisabuni. Alijaribu kulikumbuka swali la pili, akalikumbuka, akafungua mdomo aliulize.

"Ulikuwa na nani?" alisema.

"Na wateja," alijibu yule wa nyumbani kutoka kwenye meza ya pasi, kabla mwenzake hajavuta pumzi.

Mkewe alimtazama yule mwingine, kisha akamtazama mumewe, uso wake hauna hasira. Alikuwa na sura ile aliyokuwa nayo dukani, ya kuangalia jicho na kulikuta ni zima.

"Koti ni la mganga wa zamu," alisema. "Wodi ina baridi. Mama amevunjika nyonga, atalala huko miezi miwili." Alisimama. "Nilikuja kukaa, ujue. Nimebeba mpaka mswaki."

"Kaa basi."

"Nikae nifanye nini? Swali lenyewe limeshajibiwa."

"Nitauliza lingine."

"Uliza."

Alitia mkono mfukoni. Karatasi ilikuwapo. Lakini kichwani mwake hamkuwa na kitu isipokuwa mganga wa zamu, umri wake, urefu wake, na kama ana mke. Mkewe alingoja muda mrefu kuliko ambavyo angengoja mteja. Kisha alimuaga yule wa nyumbani, akamwambia bomba la jikoni lilishatengenezwa asilihangaikie tena, akatoka na mkoba wake.

Mchambuzi alisimama dirishani mpaka mkewe alipokata kona. Alilia kidogo. Aliporudi mezani aliuliza kama chakula kiko tayari, na kilikuwa tayari.

Jumatatu alimwomba Bi Kebo wabadilishane zamu ili yeye awe anatoka saa sita mchana.

"Unakwenda kumtazama mama hospitali?" Bi Kebo alimwuliza.

"Hapana. Mke wangu anashinda peke yake nyumbani."

Bi Kebo aliandika jina lake kwenye ratiba.

Usingizi ulikuwa umempaa tangu Jumamosi, akifikiria jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Yule wa nyumbani alikuwa amekaa humo miaka mitatu, kutwa nzima, mumewe yuko kazini. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo tu, na nani ajuaye ni watu gani hupita huko. Njiani alipitia kwa fundi wa kufuli, akachagua mbili, nzito. Alizifunga mwenyewe kwa nje, moja juu na moja chini, akautikisa mlango mpaka akaridhika, akazunguka mbele, akaingia sebuleni na kumwuliza ameshinda wapi, na alikuwa na nani.